Picha ya Goti Langu, Itundike Dirishani

Baba,

Nilianza na "Mpendwa baba," nikaifuta. Nikaandika tena, nikaifuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Mama, aliyekuwa anachambua maharage pembeni yangu, akauliza, "Eliya, unaandika au unafua?" Nimebaki na "Baba" peke yake, kwa sababu hilo hata nikikasirika namna gani siwezi kulifuta. Neno la kulitangulia tutaona kama litapatikana huko mbele.

Unajua mimi si mtu wa kusema. Wageni wakija nilikuwa naingia chumbani na kitabu changu, na wewe unawaambia, "Huyo ni padri, mwacheni ana misa yake." Hata sasa nipo kidato cha tatu, lakini mwalimu akiniita kusoma mbele ya darasa sauti inanikauka. Haya nisingeweza kukuambia uso kwa uso. Ningeangalia viatu vyako mpaka uondoke.

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza nilizifunga kwenye bahasha, nikampa kondakta wa basi linalopita Mlowo, naye aliniapia kwamba alizifikisha mkononi mwako, kwenye karakana yako mpya. Hukujibu. Hii sitaifunga. Nakala moja nitampa kondakta yuleyule. Nyingine mwalimu wetu wa Kiswahili ameniruhusu kuibandika kwenye gazeti la ukutani la shule, na jina lako sijaliandika popote. Hata hivyo najua utasema nimekuaibisha, nimetoa mambo ya nyumbani nje. Soma kwanza. Utakumbuka ni nani aliyeanza kuyatundika nje.

Nitaanza na jambo zuri. Sikupambi. Ni kwamba bila hilo hutaelewa hasira yangu inatoka wapi.

Nikiwa darasa la pili ulikuwa unanikalisha juu ya benchi la karakana yako hapa Mpemba, malori yakiwa yamepanga foleni ya mpakani mpaka mbele ya mlango wetu. Unaleta ubao wa mninga, unaulaza, unaugonga kwa kifundo cha kidole. Ko. Unasogea shubiri moja. Ko. Unasogea tena. Halafu ghafla sauti inabadilika, inakuwa nzito, kama mtu anayeongea huku amefunika mdomo, na wewe unaniangalia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Hapo ndani pana kidonda. Juu unaona uzuri mtupu. Randa inapita, vanishi inakaa, mteja anafurahi. Mwaka wa pili kitanda kinamwangusha yeye na mkewe." Kisha unacheka mwenyewe mpaka unafuta machozi.

Ukutani uliandika kwa penseli yako nene: GONGA KWANZA, NDIPO UKATE. Nilijua kusoma maneno hayo kabla sijajua kusoma kitabu cha shule. Niliamini kwamba baba yangu ana uwezo ambao baba wengine hawana, wa kusikia kitu kilichojificha ndani.

Goti lilianza nikiwa darasa la tatu. Sikuanguka. Nilitembea tu kutoka shuleni, na jioni goti la kulia likavimba kama boga dogo, ngozi inang'aa, lina moto. Mama alichemsha maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa, akanikanda. Kila mama hapa kwetu anakanda hivyo. Akawa anakanda na goti linazidi kujaa, nami napiga kelele. Wewe ulisimama mlangoni na unga wa mbao kwenye nywele, ukasema, "Pole, mwanangu. Pole sana." Wiki nzima ulinibeba mgongoni hadi shuleni. Nakumbuka harufu ya gundi kwenye kola ya shati lako. Hilo nalo nimeliandika, usije ukasema nimeandika mabaya tu.

Ubaya wa goti langu ni kwamba lilikuwa linavimba na kupungua lenyewe. Kama lingevimba likabaki hivyo, ungeniamini. Lakini wiki mbili nachechemea, wiki tatu natembea vizuri, siku ya kushusha mbao kwenye gari narudi kuchechemea. Ukaanza kunitazama kwa jicho jingine. "Mbona linavimba siku za kazi tu?" ulimwuliza mama nikiwa nasikia. Lilivimba siku za kazi kwa sababu ya kazi, baba. Sikuwa na ujasiri wa kukujibu siku ile. Nakujibu leo.

Nikiwa darasa la tano ulinipeleka hospitali, nikapigwa eksirei. Daktari aliinua picha kwenye mwanga akasema mfupa ni mzima, hauna ufa wala hauna kitu. Ulimshukuru kwa mikono miwili. Njiani hukunisemesha. Nilifikiri umefurahi.

Kesho yake niliporudi kutoka shule niliikuta ile picha imetundikwa kwenye dirisha la karakana, linalotazama barabara, kwa misumari miwili midogo. Jua lilikuwa linapita ndani ya mifupa yangu.

"Fundi, hii nini tena?" aliuliza dereva mmoja wa lori aliyeshuka kunyoosha miguu.

"Goti la huyu mheshimiwa hapa. Tazama mwenyewe. Mfupa kama wa ng'ombe dume! Halafu ananiambia hawezi kubeba ubao."

"Aisee! Mfupa huu ungekuwa wangu, ningekwenda Lusaka kwa miguu."

"Na kurudi!"

Mlicheka. Yule mama aliyekuwa anauza chapati pale nje alisema, "Mwacheni mtoto wa watu," lakini naye alikuwa anacheka. Mteja wako wa Nakonde, yule aliyeagiza makochi, kila akivuka mpaka kutoka Zambia alinipa mkono kwa heshima ya uongo na salamu ya kwao: "Mulishani, Bwana Goti!" Shuleni walifupisha. Waliniita Eksirei. Hata leo wapo walionisahau jina.

Picha ilikaa dirishani zaidi ya mwaka, mpaka kona zikajikunja kwa jua. Kila asubuhi nilipita mbele yake nikienda shule. Na kila nikisema naumwa, hukuwa na haja ya kusema neno. Ulikuwa unanyoosha kidole dirishani tu.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hili sijamwambia mtu yeyote. Nilianza kukuamini. Nilikuwa nalala nimeshika goti linalowaka moto, najiambia: Eliya, wewe ni mwongo. Picha imesema huna kitu, kwa hiyo haya maumivu unayatunga. Nilijaribu kuyaacha kama mtu anavyoacha tabia mbaya. Niliomba kanisani nisamehewe uvivu. Nilibeba mbao zako huku nimeuma ulimi. Ulinipongeza siku hiyo, unakumbuka? Ulisema, "Umeona sasa?" Nilifurahi sana kupongezwa. Usiku huo mguu ulikataa kukunjuka, nikawaambia nimeukalia vibaya.

Ubao ulikuwa unaugonga mara ishirini kabla ya kuukata, na mwanao hukumgonga hata mara moja. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa.

Baada ya mtihani wa darasa la saba goti lilivimba kupita siku zote. Jirani akakuambia kuna mtu Hasamba anachanja vizuri. Akasema uvimbe ule ni damu mbaya, ikishatolewa mtoto anapona. Mama alikusihi turudi hospitali. Ukamwambia, "Hospitali walishasema. Unataka wakupigie picha ngapi?" Tukaenda Hasamba, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli, mguu nimeunyoosha kama fimbo. Yule mtu alinichanja chale saba kuzunguka goti kwa wembe mpya, akapaka dawa nyeusi. Alikuwa mpole, simlaumu kwa ukali. Alisema damu itatoka kidogo na itakoma kabla hatujafika nyumbani.

Ilitoka siku nne.

Mama alibadilisha vitambaa mpaka khanga zake zikaisha. Siku ya pili yule mtu alituma ujumbe kwamba damu mbaya ndiyo inayotoka, tusiizuie. Wewe ukakubali. Siku ya nne nilikuwa sioni vizuri, na mama akanifunga mgongoni, mimi mtoto mkubwa wa darasa la saba, miguu yangu inaburuza chini, akasimamisha gari barabarani. Mpaka leo namsikia akihema siku ile.

Hospitalini kulikuwa na daktari kijana aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza. "Mama, kwenu kuna mwanaume aliyewahi kutokwa damu isiyokoma?" Mama akasema, "Kaka yangu Yona. Aling'olewa jino. Hakuamka." Mjomba Yona alikufa kabla sijazaliwa, na tangu nakua nilikuwa nasikia amerogwa kwa ajili ya shamba la kahawa.

Niliongezewa damu, na mama akaambiwa jina la ugonjwa kwa mara ya kwanza: himofilia. Damu yangu imepungukiwa kitu kimoja kinachoisaidia kuganda. Kwa hiyo kila goti lilipovimba, lilikuwa linavuja damu ndani. Na ninyi mlilikanda kwa maji ya moto, mkalibebesha mbao, mwisho mkalifungulia mlango kwa wembe.

Ulikuja wodini mara moja. Ulisimama miguuni pa kitanda, mama akakueleza yote, pamoja na habari ya mjomba. Nilidhani utasema ile pole ya zamani. Ukamwambia mama, "Kumbe mlijua ukoo wenu una mkosi, mkaniozesha hivyohivyo." Tuliporudi nyumbani karakana ilikuwa tupu. Ulikuwa umehamia Mlowo, na mdogo wangu Isaka umekwenda naye. Majirani walitufikishia maneno uliyoyaacha, nayo nimeyashika kama nilivyoshika yale ya ukutani: "Huyu mzima ni wangu. Yule mbovu nimewaachia wenyewe."

Isaka alikuwa na miaka saba. Hakuniaga. Aliacha gololi zake chini ya mto wangu.

Miaka karibu mitatu imepita. Mama anauza maharage na mchele sokoni. Mimi nasoma. Mwezi wa tatu mwaka huu tuliitwa Dar es Salaam, kwenye kliniki ya watu wenye damu kama yangu. Nilikutana na vijana wengine huko, baba. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mwingine anayeshuka ngazi kama mimi, mguu mmoja mmoja. Kuna mmoja wa Tabora aliniuliza, "Na wewe kwenu walisema umerogwa?" Nikamwambia, "Hapana, walisema mvivu." Akasema, "Bora mimi." Tukacheka sana. Nilishangaa kwamba jambo hilo linaweza kuchekesha.

Daktari wetu pale ni mama mmoja mfupi, anaongea taratibu. Alikunja goti langu, akalikunjua, akalisikiliza kwa vidole. Akasema anataka kulitazama kwa MRI, na kifundo cha mguu wa kushoto pia. Mama akamwambia kifundo hicho hakijawahi kuvimba. "Ndiyo maana nataka kukitazama," alisema. Gharama walibeba watu wa kliniki.

Nilivua mkanda, nikatoa sarafu mfukoni. Mtaalamu wa picha akaniuliza, "Una chuma chochote mwilini?" Nikasema sina. Nikalazwa kwenye kitanda chembamba, goti likafungwa ndani ya kitu kama kikapu cha plastiki, nikawekewa vizibo masikioni, nikaambiwa nisijitikise hata kidogo. Kitanda kikaingia kwenye lile duara kubwa.

Kisha mashine ikaanza kugonga.

Ko, ko, ko, ko. Inanyamaza. Inasogea mahali pengine. Ko, ko, ko. Sauti inabadilika, inakuwa nzito, inanyamaza tena. Niliogopa kidogo tu, kwa sababu niliijua kazi ile. Nilikuwa nimekaa juu ya benchi, malori yanapita, na mtu mwenye unga wa mbao kwenye nywele ananigonga shubiri kwa shubiri, anatafuta kidonda. Nilitulia kabisa. Yule mtaalamu alisema baadaye kwamba watu wazima wengi hawatulii vile.

Nilikasirika nilipotoka. Mashine haikuniuma, haikunikwaruza, na wala daktari hakuwa amenisema vibaya. Nilikasirika kwa sababu kitu pekee kilichonituliza mle ndani kilikuwa wewe.

Mchana daktari alituita, akatuonyesha picha kwenye kompyuta. Goti langu limekatwa vipande vyembamba kama mbao, bila wembe. Akaonyesha kwa kalamu.

"Hii nyeupe ni maji na damu ya karibuni. Huu utando wa ndani ulitakiwa uwe mwembamba, umenenepa. Hapa gegedu, ile inayofunika ncha za mifupa, imelika. Na huu weusi wote unaouona, mwanangu, ni chuma."

"Aliniuliza kama nina chuma, nikasema sina," nilisema. Ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote siku hiyo.

Akatabasamu. "Damu ina madini ya chuma. Ikivuja ndani ya kiungo, mwili unafyonza damu, chuma kinabaki. Ikivuja tena, kinaongezeka. Weusi huu ni wa miaka mingi."

Nilijua ninachokitazama. Ukichomoa msumari wa zamani kwenye ubao, pembeni ya tundu panakuwa na doa jeusi lililoingia ndani, na hata upige randa halitoki. Wewe ndiye uliyenionyesha.

Mama alianza kulia. "Dokta, mimi nilikuwa namkanda kwa maji ya moto."

"Ulifanya wanavyofanya mama wote. Kuanzia leo ni baridi, mama. Baridi, mguu juu, apumzike, na muwahi hospitali siku hiyohiyo."

Nikauliza habari ya eksirei. Ilibidi niulize. Nilitaka kujua kama ilikosewa.

"Haikukosewa," alisema. "Iliulizwa habari za mfupa, ikajibu habari za mfupa. Wakati ule mfupa ulikuwa bado mzima. Matatizo yalikuwa kwenye nyama laini, na huko eksirei haioni vizuri. Nani alikuambia maana yake huumwi?"

Sikukutaja. Mama naye hakukutaja. Nataka ulijue hilo.

Nililia pia, baba, lakini kwa furaha. Niliambiwa goti langu limeharibika na sehemu nyingine hazitarudi kamwe, na mimi nikafurahi, kwa sababu sikuwa mwongo. Fikiria unamfanya mtoto awe wa namna gani, mpaka akiambiwa ameharibika anashukuru.

Halafu daktari akafungua picha ya kifundo cha kushoto. Kile ambacho hakijawahi kuvimba. Nacho kilikuwa na weusi, mdogo, kama mtu amechora kwa ncha ya penseli. "Kimekuwa kikivuja kimyakimya," alisema. "Hiki tumekiwahi." Akanipangia dawa na mazoezi ili kisifike lilipofika goti.

Ni picha hiyo ya pili iliyonifanya niandike barua hii.

Kabla hatujatoka, daktari alichora duara na mistari kwenye karatasi. Mama, mjomba Yona, mimi. Akasema ugonjwa huu mama anaubeba bila kuumwa, na kila mtoto wa kiume anayemzaa anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu. Mtoto wa kwanza kuwa nao hakumlindi wa pili. "Una mdogo wako wa kiume, mama mmoja?" Nikasema ninaye. "Amepimwa?" Nikasema, "Yeye ni mzima." Maneno yako, baba. Yalinitoka mdomoni kama yangu. Daktari akaelekeza kalamu kwenye kile kifundo.

Wiki iliyopita Isaka alipiga simu. Mama mdogo, huyo unayeishi naye sasa, ndiye aliyempa simu, mfikishie shukrani zangu.

"Kaka, umesikia? Nakuwa mwanaume!"

"Lini?"

"Likizo ya mwezi wa sita. Baba kasema tukiwahi siku ya kwanza hatupangi foleni. Halafu naletewa viatu vya mpira. We si bado?"

"Bado."

"Basi nikitoka huko utakuwa unaniamkia. Sema shikamoo, tufanye mazoezi."

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema kama mtu anayesimulia habari ya mpira: jino lake la pembeni liling'oka juzi, akatema damu siku mbili, asubuhi mto ulikuwa mwekundu, baba kamwambia aweke chumvi.

Nilikaa chini pale sokoni, katikati ya magunia ya mama.

Ninaona haya kuandika hili mahali ambapo shule nzima itasoma, lakini naliandika: mimi sijatahiriwa. Nina miaka kumi na sita na wenzangu wananitania bafuni. Daktari amesema naweza, hospitali kubwa, nikiwa nimepewa kwanza dawa ya kugandisha damu. Kwa hiyo sisemi Isaka asitahiriwe, na wala sina neno baya kwa wanaotahiri watoto wakati wa likizo. Wao watamwuliza mzazi kama mtoto ana tatizo la damu. Na mzazi atakuwa wewe. Na wewe utasema, "Huyu ni mzima," kwa sababu unamwona anakimbia.

Mjomba Yona naye alikuwa anakimbia. Ilikuwa jino moja.

Mama amekupigia mara tano na unakata simu. Ndiyo maana nimekuandikia hadharani. Kama hutaki kusikia sauti yake, wateja wako watakusomea.

Pamoja na barua hii kondakta atakupa bahasha kubwa. Ndani kuna karatasi nyeusi yenye vipicha vingi, goti langu na kifundo changu. Ni yangu, daktari alinipa, na niliilaza kifuani kwenye basi kutoka Dar mpaka Tunduma ili isikunjike. Itundike kwenye dirisha la karakana, upande wa barabara, kwa misumari miwili midogo. Wakikuuliza hii nini, wafundishe kusoma. Weupe ni damu ya juzi. Weusi ni damu ya tangu darasa la tatu, ile ya siku ya kushusha mbao, ile ya siku uliyonipongeza. Dereva wa lori akisema angekwenda Lusaka kwa miguu, mwache aseme kwanza akiwa ameitazama vizuri.

Au usiitundike. Ichome moto ukitaka. Mimi weusi ninao, hautoki kwa kuchoma karatasi. Kwa goti langu sikuombi kitu tena.

Kwa Isaka nakuomba. Hapana, sikuombi, nakuambia. Tarehe yangu ya kliniki ni mwanzoni mwa mwezi wa saba, na daktari amesema twende naye. Jumamosi ya kwanza ya likizo mimi na mama tutashuka Mlowo kwa basi la asubuhi. Kama hutaki kuongea nasi, usiongee. Mlete kituoni, mpe sweta, kaa mbali. Mpaka hapo asichanjwe, asing'olewe jino, asiguswe na wembe wa mtu yeyote. Akipimwa akaonekana hana kitu, nitakuja mwenyewe karakana, mbele ya wateja wako wote, niseme nilikosea, mimi ambaye siwezi kusoma mbele ya darasa. Natamani sana siku hiyo inikute. Natamani niaibike mbele yako.

Lakini damu ya siku mbili kwenye mto ni sauti nzito, baba. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi lako angeisikia.

Ulipohama ulichukua randa, misumeno, hata pini za milango. Ukuta hukuweza kuuchukua. Nimepita pale leo kabla ya kuandika. Sasa wanauza vocha za simu, lakini penseli yako bado inasomeka juu ya dirisha. Gonga kwanza, ndipo ukate.

Lile neno la kutangulia "baba" sijalipata. Nimeacha nafasi pale juu, utaiona. Ukilipata wewe, mpe Isaka mkononi, aje nalo kituoni.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza, yule uliyemwacha Mpemba.